Mkuyu Wako ni Upi? Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barua na ujumbe wa simu uliotufikia mwezi huu umeegemea ukoo mmoja wa miti: mikuyu na ndugu zake wa jenasi ya Ficus. Maswali tumeyafupisha, na pale wasomaji kadhaa walipouliza jambo moja tumechukua barua iliyo wazi zaidi. Neno "kuyu" katika majibu haya ni tunda la mti wowote wa jenasi hii, liwe kubwa au dogo, linalolika au lisilolika.

SWALI: Shambani kwetu kando ya kijito kuna mikuyu miwili mikubwa. Mmoja una majani yanayokwaruza na gome la njano iliyochanganyika na kijani. Wa pili una majani laini, gome la kijivu, na makuyu yameshikana na shina mpaka karibu na ardhi. Wazee wanasema wa kwanza ni dume, wa pili jike. Je, ni kweli? (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Wazee wameona sawasawa kwamba miti hiyo haifanani, ila sababu siyo hiyo. Kwa maelezo yako, wa kwanza ni Ficus sycomorus na wa pili ni Ficus sur. Ni spishi mbili za kundi moja, na kila mti una maua ya kiume na ya kike ndani ya kuyu lilelile. Hapo hapana dume wala jike.

Pitisha kidole juu ya jani. La F. sycomorus linakwaruza, ni pana, linakaribia mviringo, na pale bamba linapoungana na kikonyo limeingia ndani kama moyo. Ukingo wake hauna meno, au umejipinda kidogo tu. La F. sur halikwaruzi hivyo; ukingo wake mara nyingi una meno makubwa yasiyolingana, na majani machanga hutoka na rangi ya shaba. Gome nalo linasaidia: la F. sycomorus lina unga wa njano-kijani na hubanduka vipande vyembamba, la F. sur ni la kijivu.

Wengi hupotezwa na mahali makuyu yanapoota. F. sur huyatoa kwenye vijitawi visivyo na majani, vilivyogawanyika, vinavyochomoza shinani na kwenye matawi manene. Basi mtu akiona makuyu shinani anaandika "F. sur" na kufunga daftari. F. sycomorus nayo inaweza kuyatoa kwenye matawi ya zamani namna hiyohiyo, na mikuyu mingine ya spishi hiyo huyatoa kwenye makwapa ya majani, yaani pale jani linapoungana na tawi. Kwa hiyo makuyu ya shinani yanakufikisha kwenye kundi tu. Ukitaka spishi, rudi kwenye jani.

Na jani lenyewe lichague vizuri. Usitumie la mche wala la chipukizi lililoota baada ya tawi kukatwa. Majani hayo huwa makubwa kupita kawaida, yenye meno au hata ndimi ambazo mti mzima hauna. Chukua matano au sita kutoka matawi yaliyokomaa yanayopata jua, uyalaze pamoja, ndipo uamue. Jani moja la mkuyu halina ushahidi wa kutosha.

Kuhusu dume na jike, lipo kundi ambalo wazee wangekuwa sahihi. Msasa, Ficus exasperata, una miti inayozaa mbegu na miti ambayo makuyu yake hutoa chavua na kulea nyigu. Huo utaujua kwa mkono: majani yanakwaruza pande zote mbili kiasi cha kulainisha mbao, na makuyu yake ni madogo, sentimita moja hivi, yana kikonyo, na hukaa kwenye makwapa ya majani. Nyingi ya spishi za Afrika haziko hivyo.

SWALI: Vitabu vya zamani vinautaja mkuyu wa mtoni kama Ficus capensis, vipya vinasema Ficus sur. Ni miti miwili? (Mwalimu, Magu)

JIBU: Ni mti mmoja. Jina F. sur lilichapishwa mwaka 1775, F. capensis mwaka 1786, na kanuni ya majina ya mimea inalipa haki jina la kwanza lililotolewa ipasavyo. Ukikuta F. capensis katika ripoti ya miaka ya nyuma, isome kama F. sur. Kwenye lebo yako andika jina linalotumika sasa, na la zamani liweke kwenye maelezo ili anayetafuta kumbukumbu asikwame.

SWALI: Nyuma ya nyumba yetu mlimani kuna jabali, na juu yake mti wenye mizizi ya rangi nyeupe iliyoteremka juu ya jiwe mpaka chini. Utomvu wake ni mweupe, makuyu ni madogo. Fundi anataka tuukate, anasema utapasua jiwe. Ni mti gani? (Msomaji, Mwanza mjini)

JIBU: Kwenye majabali ya Mwanza anzia na spishi tatu: Ficus glumosa, Ficus ingens na Ficus thonningii. Maelezo yako hayatoshi kuchagua, lakini kwa robo saa na kioo cha kukuzia mara 10 unaweza kumaliza kazi mwenyewe.

Kwanza hakikisha uko ndani ya jenasi. Utomvu mweupe peke yake hautoshi, maana hata mnyaa wa uani unao, na ule ni hatari zaidi kwa macho. Tazama ncha ya tawi. Kichipukizi cha Ficus kimefunikwa na ala nyembamba yenye ncha kali. Jani likifunguka ala hudondoka na kuacha kovu linalozunguka tawi lote kama pete. Utomvu mweupe, pete hizo, na kuyu lenye tundu dogo kileleni: vyote vitatu vikiwepo, huo ni Ficus.

Sasa shika jani na tawi changa. Yakiwa na manyoya unayoyahisi kwa kidole, hasa upande wa chini wa jani, na makuyu nayo yana manyoya na karibu hayana kikonyo, una F. glumosa mkononi. Yakiwa laini kabisa, endelea na kuyu.

Chuma kuyu lililokua ila halijalainika, na ulichume pamoja na kikonyo chake. Ligeuze. Pale kikonyo kinapokutana na tunda kuna vigamba vidogo vilivyolikumbatia. Vihesabu. F. ingens ina vitatu, F. thonningii ina viwili. Hesabu hii ndogo ndiyo nguzo ya utambuzi wa jenasi nzima katika Afrika, na inasikitisha kwamba watu hupiga picha mia za majani bila kuligeuza kuyu hata moja. Kundi la Galoglychia, ambamo F. thonningii imo na ambalo ndilo lenye spishi nyingi zaidi barani kwetu, kwa kawaida lina vigamba viwili. Kundi la mkuyu wenyewe, Sycomorus, lina vitatu. F. ingens iko kwenye kundi la tatu, na nayo ina vitatu.

Ukishindwa kuhesabu, sababu huwa moja kati ya mbili. Ama umelivuta kuyu kwa nguvu na vigamba vimebaki tawini, ama kuyu limeiva na vigamba vimekauka na kupasuka, ukahesabu vipande badala ya vigamba. Kata kwa kisu, na chukua kuyu changa kidogo.

Yapo mambo mawili ya kuthibitisha. Mdomo wa kuyu, yaani lile tundu la kileleni, kwa Galoglychia ni ufa mwembamba kwa sababu vigamba vyake vyote vimeinamia ndani, kwa F. ingens na kwa mikuyu mikubwa unaviona vigamba vichache vya juu vimefunika tundu. La pili liko nyuma ya jani: doa la nta linaloonekana kama pamelowa mafuta. F. ingens na F. thonningii huwa nalo chini kabisa ya mshipa mkuu. F. sycomorus na F. sur huwa nalo kwenye pembe za mishipa ya pembeni ya chini. Ziada ya F. ingens ni mishipa ya kinjano inayojitokeza wazi, na majani mapya yanayotoka mekundu mti mzima kwa pamoja baada ya kupukutisha ya zamani.

Kuhusu jabali: mzizi hautoboi granite nzima. Unafuata ufa uliokwishakuwepo, na kadiri unavyonenepa unausukuma. Swali la maana ni je, jiwe lile ni mwamba uliozama ardhini au ni pande lililoegemea juu ya mteremko? Likiwa la pili, usikate kabla mtu anayejua miamba hajalitazama, kwa kuwa wakati mwingine mizizi ndiyo inayoshikilia udongo wa pembeni. Tishio la kweli kwa nyumba ni miche inayoota kwenye mifereji ya bati na nyufa za ukuta kutokana na mbegu zilizoachwa na ndege na popo. Hiyo ing'oe ikiwa michanga, siku ambayo mvua imelowesha mahali, mzizi utoke mzima. Ukikata juu tu, huchipua tena.

SWALI: Watoto wanakula makuyu ya ufukweni. Nimepasua moja nikakuta vidudu vyeusi vinatembea ndani. Ni mabovu? (Mama wa watoto wanne, Ukerewe)

JIBU: Hapana, mama. Hao ni nyigu wa makuyu, na bila wao mkuyu wa kwetu hauzai mbegu.

Kuyu ni kikonyo cha maua kilichovimba na kujifunga, maua yakabaki ndani. Nyigu jike mwenye chavua huingia kwa mdomo wa kuyu, njia yenyewe ni nyembamba mno kiasi kwamba mabawa hukatika. Ndani huchavusha maua, hutaga mayai katika baadhi yake, kisha hufa humohumo. Wiki kadhaa baadaye madume yasiyo na mabawa hutoka kwanza, hupanda majike na kutoboa ukuta wa kuyu. Majike huondoka na chavua kupitia tundu hilo, na wanayo siku moja au mbili tu za kutafuta kuyu changa jingine. Baada ya hapo ndipo kuyu hulainika, hubadilika rangi na kuwa tamu. Kuyu lililoiva vizuri, kwa hiyo, huwa na maganda matupu na mabaki ya madume zaidi ya kitu kingine.

Kwa F. sycomorus mchavushaji ni Ceratosolen arabicus. Ndugu yake Ceratosolen galili huingia kuyu hilohilo, hutaga, na hachavushi chochote; kwa nje ni vigumu kuwatofautisha.

Kwa kula: achague lililolainika likiwa bado mtini, alipasue katikati, akung'ute, aoshe. Lililoanguka na lenye funza weupe lisiliwe. Hao si nyigu, ni viluwiluwi vya nzi na mbawakawa waliokuja baadaye. Kuyu bichi lenye utomvu huwasha midomo.

Jambo hili lina faida kwa utambuzi pia. Kila spishi ina nyigu wake mmoja au wachache, kwa hiyo kuyu lenye nyigu ni kielelezo cha thamani zaidi kuliko kuyu tupu. Ukilikuta kuyu linakaribia kutobolewa, lifunge ndani ya chupa kwa kitambaa chepesi usiku mmoja. Asubuhi utawakuta nje; watie kwenye spiriti ya asilimia 70 pamoja na kuyu lenyewe, chupa moja lebo moja.

(Wasomaji wawili wameuliza kama huu ndio mkuyu aliopanda Zakayo. Ndiyo, ni F. sycomorus. Huko Misri ulipandwa tangu zamani za kale, lakini nyigu wake mchavushaji hayupo, kwa hiyo wakulima walizoea kulikata kuyu changa kwa kisu. Jeraha hulifanya litoe gesi ya ethilini na kuiva ndani ya siku chache bila mbegu.)

SWALI: Nataka kupanda mti wa magome ya nguo, ule Waganda wanaouita mutuba, kati ya migomba. Jirani ana miti miwili, anasema yote ni huo. Mimi naona haifanani. Nitachukua vipande vya upi? (Mkulima, Muleba)

JIBU: Mutuba ni Ficus natalensis. Anayechanganywa nao mara nyingi ni F. thonningii, na hata wataalamu hawajakubaliana mpaka uko wapi, maana F. thonningii ina sura nyingi na majina kama F. petersii na F. burkei huunganishwa nayo na wengine, wengine wakaitenganisha. Kwa hiyo usivunjike moyo mti wa tatu ukikataa kuingia popote.

Kwa shamba, tumia kuyu tena. La F. natalensis lina kikonyo cha wazi, milimita 2 hadi 10, na vile vigamba viwili vya chini hudondoka mapema. Ukiligeuza kuyu lililokua unakuta kovu tu. La F. thonningii limekaa moja kwa moja tawini au lina kikonyo kifupi, na vigamba vyake hubaki mpaka linaiva. Usidanganywe na kuyu moja: tazama kumi, kutoka matawi tofauti. Ikiwa manane hayana vigamba na yana vikonyo, una F. natalensis. Jani la F. natalensis mara nyingi ni pana zaidi karibu na kilele, na kilele chenyewe ni butu, lakini hilo lifuate baada ya kuyu, lisitangulie.

Kwa wenye kutaka gome, umri na unyoofu wa shina una uzito kuliko jina. Mti wenye matawi ya chini hutoa gome lenye matundu. Baada ya kuvua gome, shina hufungwa majani ya migomba lisikauke, na hujenga gome jipya.

Vipande vya kupanda: urefu wa mita 2 hivi, unene wa mkono wa mtu mzima, kutoka tawi lililonyooka na lisilo na mashimo ya wadudu. Kata kwa msumeno, usitumie panga, maana kipande kilichochanika huoza. Chini kata mshazari, juu nako mshazari maji yasitulie. Weka kivulini siku chache mpaka utomvu ugande kwenye jeraha, kisha zamisha sentimita 40 hadi 50 ardhini mvua zikianza, na ushindilie udongo. Kosa la kawaida kabisa ni kukigeuza kipande juu chini: kipake rangi au chokaa upande wa juu kabla hujakitoa mtini. Kosa la pili ni kukitikisa kila wiki kuona kama kimeshika. Mizizi michanga hukatika.

SWALI: Mwalimu ametupa kazi ya kukusanya mikuyu na kuikausha. Vielelezo vyangu vyote vimepukutika, nimebaki na vijiti ndani ya gazeti. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Misungwi)

JIBU: Hujakosea peke yako, ila dawa ipo. Tawi la Ficus lina maji na utomvu mwingi, na ukilibana likiwa hai linaendelea kuishi ndani ya gazeti siku kadhaa. Katika muda huo linajenga tabaka la kukatia majani, kama linavyofanya msimu wa kiangazi, na majani yanaachia. Lazima uliue kwanza. Lizamishe tawi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, au lilowanishe kwa spiriti, lipanguse, ndipo ulibane.

Kata tawi la sentimita 30 hadi 40, liingie kwenye karatasi ya sentimita 29 kwa 42 bila kukunjwa sana. Liwe na ncha yenye ala, majani yaliyokomaa, na makuyu yakiwa bado yameshika. Ala ni ya kuangalia sana, kwa kuwa hudondoka ukiigusa tu. Iweke kwenye bahasha ndogo ya karatasi uibandike pembeni. Geuza jani moja au mawili uso uwe chini, la sivyo atakayesoma kielelezo hataona doa la nta wala manyoya. Majani ya msasa na ya F. sycomorus huwa na mkunjo. Yanyooshe sasa, yakikauka yatavunjika.

Kama makuyu hukaa shinani, chukua kijitawi chake kwa kisu na ukiandike "shinani, mita 1.5 kutoka ardhini" au popote kilipokuwa. Watu huleta jani kutoka juu na kuyu lililookotwa chini wakaviweka gazeti moja. Chini ya mkuyu mara nyingi kuna makuyu ya mti mwingine yaliyodondoshwa na popo, na kielelezo cha namna hiyo ni cha miti miwili.

Makuyu hayabaniki. Yakate machache kwa urefu, nusu nusu, uyabane. Mengine yatie mazima kwenye spiriti ya asilimia 70. Ukiwa na ya asilimia 95, changanya mililita 74 na maji mililita 26. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi tayari ni 70, soma lebo. Andika lebo kwa penseli na uitumbukize ndani ya chupa, wino huyeyuka.

Badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo, kisha siku moja baada ya nyingine. Msimu wa mvua kando ya ziwa hewa ina unyevu, na gazeti usilobadilisha huota ukungu. Usianike juani: jani hukunjamana na kuwa jeusi. Kivuli chenye upepo kinatosha.

Lebo iwe na tarehe, jina lako, namba yako ya mfululizo, mahali kwa usahihi wa GPS ya simu, na mwinuko. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo simu ikikuandikia mita 900 huko Misungwi ujue imekosea. Kisha andika kila kitakachopotea mmea ukikauka: urefu wa mti, rangi ya gome, rangi ya kuyu bichi na bivu, kama umeota ardhini, kwenye jiwe au juu ya mti mwingine, na aina ya udongo, iwe mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi) au luseni (udongo wa kichanga). Maneno ya Kisukuma ya udongo yanaeleza mengi kuliko "udongo wa kawaida", yaandike. Jina la kienyeji liandike pamoja na lugha yake na kijiji, ila lisiwe mbadala wa jina la sayansi, kwa kuwa "mkuyu" kwa msemaji mmoja ni F. sycomorus, kwa mwingine ni F. sur, na kwa wa tatu ni mti wowote mkubwa wenye makuyu.

Kisiwa cha Saanane na Rubondo ni Hifadhi za Taifa. Huko usikate kitu bila kibali, piga picha. Kielelezo kizuri chenye nakala ya pili kinaweza kulinganishwa na vile vya Hebaria ya Taifa (hazina ya mimea iliyokaushwa), Arusha.

KWA UFUPI

Programu ya simu imeniambia mti wa ofisini ni Ficus benjamina. Niamini? (Nyegezi) Kwa miti ya kupandwa mijini, mara nyingi iko sawa: majani madogo yanayong'aa, yenye ncha ndefu, matawi yaliyolegea. Kwa miti ya porini kandokando ya ziwa, usiiamini. Hulinganisha picha za majani, na majani ndiyo yanayofanana. Ipe picha ya kuyu kwa karibu, la chini yake na la mdomo wake, pamoja na rula, na uone kama jibu linabadilika. Likibadilika, jibu la kwanza lilikuwa la kubahatisha.

Makuyu machanga ya mti wetu yamefunikwa kofia inayodondoka. Ni ugonjwa? (Geita) Si ugonjwa. Baadhi ya spishi za Galoglychia hulifunika kuyu changa hivyo, na kati yake inayojulikana zaidi ukanda huu ni Ficus ovata, yenye majani makubwa na makuyu makubwa ya kwenye makwapa ya majani. Okota kofia hizo chini ya mti uziweke kwenye bahasha ya kielelezo. Kuyu likishakua dalili hiyo hutaiona tena.

Kando ya mto kuna mkuyu wenye makuyu makubwa ya njano yenye michirizi myekundu, moja moja kwenye kwapa la jani, na majani yana meno. Ni F. sur? (Msomaji, Sengerema) Hapana. Kuyu kubwa, la pekee, kwapani, jani pana lenye meno: angalia Ficus vallis-choudae. Hesabu vigamba, vikiwa vitatu uko kwenye kundi lake. Makuyu ya F. sur yangekuwa kwenye vishada shinani.

Je, mfenesi ni jenasi moja na mkuyu? (Magu) Ni familia moja, Moraceae, pamoja na mforosadi na mvule, lakini jenasi tofauti. Fenesi huweka maua yake nje, kila kipele cha ganda ni ua moja. Ukipasua tunda ukakuta maua ndani na mdomo kileleni, huo ni Ficus.